Wifi ametuma mashine ya sikioni: je, itamtibu mwanangu figo?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka sita. Alipokuwa na miaka mitatu na nusu alianza kuvimba macho asubuhi, tukaambiwa ni aleji ya vumbi. Baadaye akavimba miguu na tumbo, ndipo hospitali wakasema ni ugonjwa wa figo uitwao nefrotiki. Prednisoloni inamsaidia, uvimbe unaisha kabisa, ila mwaka huu ugonjwa umemrudia mara nne, na mara nyingi ni baada ya mafua. Uso umekuwa duara, anaamka usiku kutafuta ugali, na darasani wanamwita Bonge. Wifi yangu yuko Houston, ametuletea mashine ndogo ya umeme yenye waya na klipu ya kubana sikio. Anasema huko Marekani watoto wenye ugonjwa huu wanabanwa sikio dakika tano kwa siku na ugonjwa haurudi tena. Mchana anashinda na bibi yake, ambaye magoti yanamsumbua lakini anaweza kumsimamia. Je, tumwanzishie? Nipunguze vidonge? Au ni utapeli? (Mama, Tanga)

JIBU: Marahaba mama. Si utapeli. Na msimwanzishie. Najua majibu hayo mawili yanaonekana kugombana, kwa hiyo nivumilie nikueleze kwa kituo, maana swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa kliniki.

Nianze na sikio lenyewe. Je, umewahi kusafisha sikio kwa kijiti cha pamba ukajikuta unakohoa? Haimpati kila mtu, lakini wapo wengi. Kikohozi kile hakitoki kifuani. Kijiti kimegusa tawi la mshipa mmoja wa fahamu uitwao vagasi, jina la Kilatini lenye maana ya mzururaji. Na kweli unazurura: unatoka chini ya ubongo, unashuka shingoni, unapita kwenye moyo na mapafu, unaingia tumboni hadi kwenye matumbo. Katika safari yote hiyo unajitokeza kwenye ngozi sehemu moja tu, nayo ni sikio. Mkalishe kijana wako umchungulie: juu kidogo ya tundu la sikio, chini ya ukingo wa juu, kuna kibakuli ambamo ncha ya kidole chako cha mwisho inatosha. Hapo ndipo madaktari wa New York, nitakaowaeleza mbele, waliweka waya wao.

Kwa nini mtu aguse sikio kwa ugonjwa wa figo? Mwaka 2000 kundi la Kevin Tracey, daktari aliyesomea upasuaji wa ubongo na anayefanya utafiti huko New York, lilichapisha jaribio la panya waliodungwa sumu ya bakteria. Panya waliosisimuliwa vagasi kwa umeme walitoa kiasi kidogo cha TNF, moja ya kemikali ambazo kinga ya mwili huzimwaga ikipandisha hasira, na hawakuanguka kwa mshtuko kama wenzao. Miaka iliyofuata njia yenyewe ikaanza kufahamika. Ujumbe unashuka na vagasi, unafika kwenye bandama kwa kupokezana, na huko chembe fulani za kinga zinatoa asetilikolini inayowaambia wenzao wapunguze TNF. Mfano wake ni kondakta anayegonga bati la daladala. Hagusi usukani wala breki, ila dereva akisikia mlio ule anasimama.

Sayansi hiyo imekubalika. Vagasi yenyewe imekuwa ikisisimuliwa kwa tiba siku nyingi: Marekani iliruhusu mwaka 1997 kifaa kinachopandikizwa kifuani kwa wagonjwa wa kifafa ambacho dawa zimekishindwa, na mwaka 2025 ikaruhusu kingine cha kupandikiza shingoni kwa baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo. Lakini hivyo ni vya kupandikizwa kwa upasuaji, umeme unafika moja kwa moja kwenye mshipa wenyewe. Cha wifi yako kinapita juu ya ngozi, na kati ya ngozi ya sikio na mshipa wa shingoni pana mwendo.

Sasa turudi kwa mwanao. Wewe ni mtu wa Tanga, kwa hiyo nitatumia kifumbu, kile cha kuchujia tui. Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja, na kila kimoja ni kifumbu kinachopitisha maji na takataka za damu na kubakiza albumini, protini ya damu ambayo ni ndugu ya ute wa yai. (Zamani manesi walichemsha mkojo kwenye tyubu, ukiganda mweupe kama yai, jibu limepatikana.) Albumini ikivuja, damu inakosa kitu cha kushikilia maji, maji yanatoroka kwenda kwenye ngozi. Macho yanavimba asubuhi kwa sababu mtoto alilala chali. Jioni uvimbe umehamia miguuni. Hapo ndipo wengi wanaambiwa aleji, wengine unyafuzi, na majirani wanasema yao.

Kwa watoto wengi wa umri wa mwanao kifumbu hakijachanika. Ukikitazama kwa hadubini ya kawaida unakiona kizima kabisa. Kilichotokea ni kwamba kinga ya mwili, kwa namna ambayo bado inachunguzwa, imevilegeza vidole vya seli zinazoshikilia ule ukili. Kinga ikitulia, ukili unakaza wenyewe, mara nyingi ndani ya wiki mbili za prednisoloni. Ndiyo maana uvimbe wa mwanao huisha kabisa, na ndiyo maana wazo la kutuliza kinga kupitia sikioni si la kipuuzi. Lakini wapo watoto ambao kifumbu chao kilisukwa vibaya tangu tumboni mwa mama, kwa kasoro ya vinasaba. Hao hata ukaitulize kinga kwa dawa zote za duniani, mkojo utaendelea kuvuja.

Nadhani habari aliyoisikia wifi ni ya jaribio lililochapishwa mwaka 2022 kutoka New York. Walikuwa watoto saba, wa miaka 4 hadi 17. Watatu walikuwa kama mwanao: dawa inawasaidia ila ugonjwa unarudi mara kwa mara. Wanne walikuwa wale ambao steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, hazifanyi kazi. Kila mmoja alisisimuliwa sikio dakika tano kwa siku kwa wiki 26, nyumbani, kwa mashine ya TENS ya kawaida, inayopitisha umeme mdogo kwenye ngozi, ndugu ya hizo zinazotumika kwenye fiziotherapia. Watatu wa kundi la mwanao hawakurudiwa na ugonjwa kwa muda wote wa jaribio. Wawili waliendelea na mashine na walibaki salama miezi 15 na 21. Katika wale wanne wagumu, watatu protini ya mkojo ilishuka, kwa wastani wa asilimia 42. Wa nne alikuwa amezaliwa na ugonjwa wenyewe. Yake ilishuka kidogo tu, ikabaki juu kule kule. Kipimo cha TNF kwenye damu kilishuka kwa wote isipokuwa mmoja, ambaye hakuwa akiifuata tiba. Hakuna aliyeripoti madhara.

Ukiisoma hivyo, hata mimi mkono unanicheza. Basi tuulize maswali ambayo wifi hakuyauliza.

Watoto wa aina ya mwanao walikuwa watatu. Hakukuwa na kundi jingine la kulinganisha. Kila mtu alijua kwamba mtoto anatibiwa: mzazi alijua, daktari alijua, mtoto mwenyewe alijua. Na nefrotiki ni ugonjwa wa misimu. Wewe umeona unarudi mara nne mwaka huu. Mwaka jana je? Ninao watoto waliorudiwa mara tano mwaka mmoja, mwaka uliofuata hawakurudiwa hata mara moja, na hakuna aliyewabana sikio. Mmoja mama yake alikuwa amehamia nyumba nyingine, na mpaka leo anaapa ilikuwa maji ya kisima cha kule kwa zamani. Wengi wao huachana na ugonjwa huu wakielekea ujana. Na watu huanza tiba mpya pale mambo yalipokuwa mabaya zaidi, kwa hiyo mara nyingi kinachofuata ni nafuu, iwe tiba inafanya kazi au haifanyi.

Waliolifanya jaribio hilo hawakuficha lolote kati ya haya. Waliliita jaribio la awali, na wakasema wazi kwamba utafiti zaidi unahitajika. Ni sisi, na simu zetu, tunaogeuza “la awali” kuwa “haurudi tena”.

Sisi wa figo za watoto tuna sababu ya kuogopa, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilipoanza kazi hii, tuliamini kwamba ukimpa mtoto prednisoloni kwa muda mrefu katika shambulio la kwanza, miezi mitano au sita badala ya miwili, ugonjwa utachelewa kurudi. Majaribio madogo yalionyesha hivyo, vitabu vikaandika hivyo, na mimi nikaandika hivyo kwenye makadi ya wagonjwa. Kuna binti mmoja nilimpa miezi sita. Alikuja mwembamba akitembea, akaondoka na mashavu yanayofunika macho, na mama yake alikuwa anafunga kabati la chakula kwa kufuli. Mwaka 2019 Waingereza wakachapisha jaribio kubwa la watoto 237: wiki 16 dhidi ya 8, nusu yao wakimaliza muda kwa vidonge bubu visivyo na dawa. Ugonjwa haukuchelewa kurudi kwa waliopewa muda mrefu. Yule binti alikula zile wiki za ziada bure, na aliyeziandika kwenye kadi yake ni mimi.

Tukaumwa tena, safari hii kwenye mafua. Kwa kuwa ugonjwa hupenda kurudi baada ya mafua, kama unavyosema wewe, tulikuwa tukiwapa watoto prednisoloni kidogo kila siku kwa siku chache wakianza kupiga chafya. Majaribio madogo yalisifu. Waingereza wale wale wakaandikisha watoto 365, matokeo yakatoka mwaka 2022: wenye vidonge vya kweli na wenye vidonge bubu walirudiwa sawasawa.

Na sikio lenyewe limeshapitia mlango huo. Mwaka 2021 wagonjwa 30 wa baridi yabisi walivaa kifaa cha kusisimua vagasi sikioni kwa wiki 12, kila mtu akijua anachovaa, na viungo vilipata nafuu nzuri. Mwaka 2023 likaja jaribio la wagonjwa 113. Safari hii nusu walivaa mashine bubu, ile inayofanana na ya kweli ila haisisimui mshipa. Hakukuwa na tofauti. Baridi yabisi si nefrotiki, na mkubwa si mtoto, wala sisemi jaribio hilo limeufunga mlango. Huko New York wameigusa vagasi ya sikio hata kwa watoto wenye ugonjwa wa matumbo, na pana matumaini. Nasema tu kwamba watoto watatu hawatoshi kunifanya nimwambie mama wa Tanga abadili matibabu.

Labda unajiuliza: kama haina madhara, tunapoteza nini? Hapa ndipo pananihusu zaidi kuliko umeme wenyewe. Ninachokiogopa kiko kwenye swali lako la pili, “nipunguze vidonge?”

Mtoto aliyekunywa prednisoloni kwa wiki nyingi, tezi zake ndogo zinazokaa juu ya figo zinalala usingizi. Kazi yao ni kutengeneza steroidi ya mwili yenyewe, na kwa kuwa kidonge kinaileta kila asubuhi, zinaacha kufanya kazi. Ukikata vidonge ghafla, mtoto akapata homa au kuhara, tezi haziamki kwa wakati: shinikizo la damu linashuka, anatapika, anazimia. Hiyo ni dharura. Ya pili ni ugonjwa kurudi bila mtu kuangalia, kwa sababu mna imani na mashine. Albumini inapovuja zinavuja pia kinga za mwili, na maji yaliyojaa tumboni ni shamba la bakteria. Nimewahi kumpokea mtoto wa kike ambaye baba yake alisimamisha dawa kwa ajili ya tiba nyingine, si ya umeme, ya mizizi. Alifika usiku, tumbo gumu kama ubao, hataki kuguswa. Alipona. Alikaa wodini wiki tatu. Na albumini inapovuja, damu ya mtoto wa nefrotiki inaganda upesi, hadi kwenye mguu au mapafu. Kabla ya steroidi na antibiotiki, watoto wengi wa ugonjwa huu walikufa, na maambukizi ndiyo yaliyowaua wengi.

Kuhusu mashine yenyewe: ilitengenezwa kwa mgongo wa mtu mzima. Ina kitufe cha kuongeza nguvu kinachofika kiasi ambacho sikio la mtoto wa miaka sita halitakiwi kukijua. Watafiti walichagua kiwango, mahali na muda, wakapima damu na mkojo, wakawa wanapokea simu. Bibi ana kijitabu cha Kiingereza. Na hata siku utafiti ukitimia, waya hauwekwi mbele ya shingo, wala kwa mtu mwenye betri ya moyo au matatizo ya mapigo, wala kwa mwenye kifaa kilichopandikizwa sikioni, na mwenye kifafa lazima daktari wake ajue kwanza. Haya nayaandika kwa sababu najua wasomaji wengine wameshaagiza mtandaoni kabla ya kufika aya hii.

Nifungue mabano kidogo, maana video zinachanganya mambo. Kuna watoto wanaosisimuliwa neva kwa TENS kwa sababu ya kibofu: wanaojikojolea mchana, wanaokimbilia choo kila nusu saa. Pedi zinabandikwa juu ya makalio, pale mfupa wa mgongo unapoishia. Hiyo imefanyiwa majaribio mengi zaidi na madaktari wa watoto wanaitumia. Lakini ni tatizo la kibofu, si la kifumbu. Kama video aliyoiona wifi ilikuwa na mtoto aliyelala kifudifudi, hiyo ndiyo aliyoiona.

Sasa mwanao. Mara nne kwa mwaka ni kurudia mara kwa mara, kwa kipimo chochote tunachotumia, na mtoto wa namna hiyo hapaswi kuishi kwa prednisoloni peke yake. Hilo ndilo swali la kumpelekea daktari wake, badala ya swali la sikio: “Je, si wakati wa kumwongezea dawa ya kupunguza steroidi?” Zipo kadhaa. Ya bei nafuu ni levamisoli, ambayo kizazi changu tuliimeza kama dawa ya minyoo. Hapa inatolewa siku moja ndiyo siku moja siyo, kwa miezi mingi, na damu inapimwa kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe. Kuna saiklofosfamidi, ya mdomo kwa wiki 8 hadi 12, kisha basi. Kuna mikofenoleti. Kuna takrolimasi na siklosporini, nzuri lakini zinataka kupimwa kiwango kwenye damu na zenyewe zikizidi zinaumiza figo. Kuna rituksimabu ya dripu, ambayo imewatoa watoto wengi kwenye steroidi, na bei yake inajulikana. Ipi inamfaa mwanao inategemea uzito, vipimo, umbali wenu na hospitali, na mfuko. Zote hizi zimejaribiwa kwa watoto wengi kuliko saba.

Kabla ya hapo mwulize pia kama amepimwa homa ya ini B, virusi vya Ukimwi, selimundu, na kichocho kama mnaoga mtoni. Nefrotiki ya kwetu haifanani siku zote na ya New York. Miaka ya 1960 pale Mulago, Kampala, Profesa Kibukamusoke na wenzake waliwachunguza wagonjwa wa nefrotiki na kukuta uhusiano na aina moja ya malaria, ile ya kila siku ya nne, iitwayo malariae. Siku hizi hatuioni sana, ila somo lake halijazeeka: kifumbu kinaweza kulegea kwa mikono mingi, na dawa ya mkono mmoja haitibu mwingine. Kwa mtoto ambaye prednisoloni inamsafisha kabisa kama wako, uwezekano mkubwa ni ile aina ya kawaida. Vipimo hivyo vinafanywa mara moja, mnatulia.

Kingine ni mkojo wa asubuhi, na hapa naomba nikae kidogo. Nunua kichupa cha stiki za kupimia mkojo, zile zenye kisehemu cha protini. Mkojo wa kwanza akiamka, kwenye kikombe cha plastiki ambacho hakina kazi nyingine. Chovya, toa, kung'uta, hesabu hadi sitini, linganisha na rangi za kwenye kichupa. Njano ni safi. Ikielekea kijani, protini ipo. Kijani cha kukolea ni alama tatu. Andika kwenye daftari tarehe na alama, hata kama ni sifuri. Alama tatu siku tatu mfululizo, ugonjwa umerudi, hata kama macho hayajavimba; piga simu kliniki siku hiyo. Alama tatu siku moja akiwa na homa, kesho sifuri, usikimbilie dawa: homa peke yake huweza kufanya hivyo. Kichupa kifunikwe mara moja, kisikae bafuni wala kwenye friji, maana unyevunyevu wa pwani unaziharibu, zinasoma uongo. Ninao wazazi wanaozikata stiki katikati kwa urefu ili kichupa kidumu. Sijawahi kuwagombeza, mradi kisehemu cha rangi kinaonekana vizuri.

Kazi hiyo ndiyo ya bibi. Inachukua dakika mbili, tatu ukihesabu kumsubiri mtoto akojoe. Ukiugundua ugonjwa siku ya tatu badala ya siku ya kumi na mbili, hatavimba, hatalazwa, na muda wa dozi kubwa unakuwa mfupi. Uso duara unapungua kwa njia hiyo. Shambulio likirudi, kawaida dozi kubwa inaendelea hadi mkojo uwe safi siku tatu mfululizo, kisha inakuwa siku moja ndiyo siku moja siyo kwa wiki nne hivi. Wengi wanaendelea na dozi kubwa mwezi mzima kwa mazoea. Mwulize daktari wake kwa adabu. Usipunguze mwenyewe.

Mengine nayapitia haraka. Chumvi ipunguzwe hasa akiwa amevimba. Chipsi na dagaa wa chumvi wakae pembeni. Protini ale kama mtoto mwingine: mayai, maharage, samaki. Wanaomnyima nyama wanamkondesha bure, na wanaomrundikia mayai sita ili “kurudisha protini” wanayamwaga chooni. Chanjo ya pneumokoka akamilishe. Zile za virusi hai, kama ya surua, asipewe akiwa kwenye dozi kubwa bila kumwuliza daktari. Macho yapimwe mara moja kwa mwaka kwa ajili ya mtoto wa jicho wa steroidi, na kila kliniki urefu upimwe, si uzito tu. Na mwalimu wa darasa aambiwe. Jina la Bonge linakoma upesi mwalimu akieleza mbele ya darasa kwamba ni dawa, na kwamba itapungua.

Ikiwa siku moja jaribio kubwa lenye mashine bubu litaonyesha kwamba sikio linafanya kazi, nitakuwa wa kwanza kununua klipu, maana hakuna dawa ya nefrotiki niliyo nayo ambayo haina deni. Mpaka hapo, mshukuru wifi. Alitafuta, akalipa posta, na alichokisikia kilikuwa na chembe ya kweli, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu mengi ninayoletewa kliniki.

Wala usimrudishie mashine. TENS huwapunguzia baadhi ya watu maumivu ya goti kwa muda, na umesema bibi magoti yanamsumbua. Aulizwe kwanza kama hana betri ya moyo. Pedi zibandikwe pembeni mwa goti, kwenye ngozi kavu isiyo na mafuta ya nazi, na nguvu ianze chini kabisa mpaka asikie kama sisimizi wanatembea. Wewe uje kliniki na daftari.